Godoro la Princesse

28 Aprili

Nimefungua maquis. Pierre, mume wangu, ameniambia kwa simu kutoka Kolwezi anakofanya kazi kwamba nina wazimu, na huenda ni kweli. Lakini ningefanyaje? Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa sita wa mtaa huu hujikusanya katika nyumba moja, wakalala humo, wakala humo, wakasoma humo mpaka Exetat, mtihani wa taifa, ipite, na kila mwaka ni nyumba ya mtu asiyejali. Mwaka huu binti yangu Falonne yumo. Basi cherehani zangu mbili nimezisogeza barazani, chumba cha kushonea nimekifagia, na kuanzia kesho ni wasichana wanne.

Tangu asubuhi sijakaa. Nimeshona sketi moja ya shule nikaifumua mara tatu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa ndani ya gari moshi, kati ya Kabalo na Kamina, siku baba alipohamishwa na kampuni ya reli, na kwamba tangu siku ile sijashuka.

29 Aprili

Wamefika. Desturi ni godoro, ndoo na unga kutoka kwa kila mzazi. Chancelvie na Joëlle, wanaosoma pédagogie, wameshushwa na gari, kelele na manukato mpaka kwa jirani. Wa mwisho ni Princesse, anayesoma biochimie pamoja na Falonne. Baba yake ni mkulima wa kule Kinsevere. Amekuja kwa baiskeli, godoro limefungwa nyuma, nusu gunia la mahindi limewekwa katikati, na binti anatembea kando.

Huyo Baba Kabwe! Amekaa, kofia gotini, amepewa kikombe cha maji, amekinywa kama dawa ya moto. Nusu saa bila neno. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama. Mwishowe akasema:

"Mama Falonne, mutoto njo huyu. Kwetu njo wa kwanza kufika sizième. Sasa iko mu mikono yako."

"Baba, usiogope. Apa kwangu atakula, atalala, atasoma."

"Ndiyo, Mama."

Nikadhani ameaga. Akakaa robo saa nyingine.

3 Mei

Nimekuta biskuti chini ya mto wa Chancelvie, pakiti nzima, na wenzake wanakunywa uji mtupu. Nimechukua chaki ya kushonea nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: KINACHOINGIA NYUMBA HII KINAGAWANYWA SAWA. Nimewasomesha kwa sauti wote wanne, mara mbili, kama katekisimu. Simu zao nimezifungia kabatini, yangu imebaki kwangu. Mimi ni mama mwenye nyumba.

9 Mei

Baridi imeanza kuchungulia. Umeme umekatika. Tunaota majiko, mbabula mbili, na makaa yanakwisha.

14 Mei

Nimempata David, mwanafunzi wa polytechnique pale chuoni Kasapa, aje kuwafundisha hesabu kila alasiri. Mwembamba, mpole, anakula bukari, ugali wetu, kama watu watatu. Falonne anamalizia swali kabla David hajaliandika lote. Princesse anaandika, anafuta, anaandika. Karatasi yake imetoboka. Nikipita mlangoni nataka kumpokonya kalamu niandike mimi.

Namsema bure mtoto wa watu. Lakini naogopa. Nimepokea watoto wa wenzangu na sasa ndiyo naona uzito wake.

17 Mei

Leo David alileta vitabu vya maswali vya miaka iliyopita, akawa anawaeleza jinsi kitabu cha mmoja kinavyoweza kutofautiana na cha jirani yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni nisikilize, nikasikia harufu ya maharage, nikakimbia. Maharage yameungua hata hivyo.

22 Mei

Hakuna la kuandika.

30 Mei

Princesse ndiye anayeamka wa kwanza. Nikitoka nje nakuta mbabula imeshika moto na yeye amechuchumaa, daftari gotini, midomo inacheza. Leo nilimuuliza:

"Unasemesha nani?"

"Nasemesha hii équation, Mama. Inanikatalia."

Nimecheka. Si mzito kama nilivyomdhania. Anataka tu kujua kwa nini, na David, maskini, amezoea watu wanaotaka jibu.

8 Juni

Baba Kabwe amekuja na viazi vitamu na matembele. Kikombe cha maji, kofia gotini. Nilikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza. Alitazama yale maandishi ya mlangoni muda mrefu.

"Inasema nini, Mama?"

Nikamsomea. Akatikisa kichwa taratibu. "Ni muzuri," akasema. Kisha akakaa.

13 Juni

Nimembana David pembeni. Nilitaka aniambie ukweli, si wa kanisani. Amesema Chancelvie na Joëlle watapita. Falonne atapita vizuri. "Na Princesse?"

"Princesse alianza chini sana, Mama. Sasa eko anapanda. Hamsini na mbili, hamsini na tatu kwa mia. Kama hakuogopa, atapita."

Kama hakuogopa. Neno hilo limenikaa kifuani siku nzima.

16 Juni

Misa ya wanafunzi wa mwaka wa sita. Padri amebariki kalamu, kanisa zima mikono juu, kila mmoja na bic yake, na akina mama wengine wameinua boksi nzima. Wetu wameinua mbili mbili. Princesse alikuwa na moja, Falonne akampa ya pili. Nimenunua pia kopo la poda nyeupe, la siku ya matokeo, maana hapa kwetu aliyefaulu humiminiwa poda kichwani mpaka nyusi zipotee. Nimeliweka juu ya kabati. Falonne ameniambia namtangulia Mungu.

20 Juni

Upepo na vumbi. Watoto wanakohoa. Nimepika sombe, majani ya muhogo, hakuna aliyeila. Nimegombana na Falonne kwa ajili ya soksi.

24 Juni

Siku ya kwanza, culture générale. Nilisimama nje ya lango la kituo cha mtihani pamoja na wazazi wengine, saa tano nzima, nikifanya safari za kwenda na kurudi kati ya lango na mti mpaka askari akaniuliza kama nimepoteza kitu. Wametoka wakicheka. Princesse amenishika mkono akasema: "Mama, haikuwa mubaya!"

Kesho hesabu na sayansi.

25 Juni, asubuhi

Naandika haraka, wamekwisha kuondoka.

Saa kumi na moja alfajiri simu yangu ilitetemeka. Ni Jean-Claude, mdogo wangu, ambaye daima anamjua mtu anayemjua mtu. "Dada, njo ya leo. Biochimie. Usisambaze." Chini yake orodha: 1 C, 2 A, 3 A, 4 E, mpaka mwisho.

Nilikaa kitandani. Nilisema sitafanya. Nikainuka, nikaota moto, nikarudi, nikasoma tena. Nikajiambia: Falonne hana haja nayo. Nikajiambia: lakini akiugua kichwa? Akisahau? Wengine wote watakuwa nayo, wangu peke yake akose kwa sababu mama yake anajifanya mtakatifu? Nimetafuta kila sababu na nikazipata zote.

Nimeinakili kwenye kipande cha karatasi ya kukatia vitambaa. Nikamwita Falonne bombani.

"Shika. Soma mu njia, halafu utupe. Usimuonyeshe mutu."

Aliitazama karatasi. Kisha akageuza shingo akautazama mlango, yale maandishi ya chaki. Akaikunja, akaitia mfukoni. Mimi nikajitia kusuuza ndoo.

25 Juni, jioni

Nataka kuandika polepole.

Walirudi saa nane. Chancelvie na Joëlle walikuwa na mtihani wao, wakaingia wakiimba. Princesse akapita moja kwa moja chumbani, akajilaza kwenye godoro lake akielekea ukutani. Falonne akabaki jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi ambavyo sikumwomba amenye.

"Ilikuwa namna gani?" nikamuuliza.

"Mama, ile kartasi nilimuonyesha Princesse. Tuliijifunza pamoja mu bus."

"Nilikukataza!"

"Uliandika weye mwenyewe ku mulango."

Nikamuuliza ilivyokuwa mle ndani. Akasema bila kuinua macho, kisu kikiendelea:

"Nilifungua kitabu. Serie yangu ni ya mbili. Swali ya kwanza, ile liste inasema C. Nilifanya hesabu mara mbili, inatoka E. Ya pili vilevile. Mama, iko serie nne. Maswali ni yale yale lakini mupango inabadirika, ya kwanza kwangu iko ya tisa kwa mwingine. David alituonyeshaka. Mutu anakutumia majibu bila serie, haina maana. Nikaiacha, nikafanya na kichwa yangu."

"Na Princesse?"

"Princesse aliandika byote vile biliandikwa."

"Lakini anajua! Anajua kuhesabu! Kwa nini hakuhesabu?"

Hapo ndipo Falonne alipoweka kisu chini.

"Alihesabu, Mama. Alikuwa napata E, akaifuta, akaandika C. Mu njia aliniambia: Mama Falonne hawezi kutupatia kitu ya kutuharibia."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mtoto aliyefundishwa miezi miwili asiogope, asijidharau, amefuta jibu lake la kweli akaandika langu la uongo, kwa heshima. Na mimi nikafanya nini? Nikamshika Falonne bega, nikamwambia: "Usiseme. Kwa mutu yeyote. Bado kuko siku mbili, pengine atapita tu."

Falonne alinitazama kama mtu anayepima kitambaa akakuta kimepungua.

27 Juni

Imekwisha. Wazazi wamekuja. Baba Kabwe alitaka kufunga vyote kwenye baiskeli, begi, ndoo, godoro, na binti juu yake. Haikuwezekana. "Matela ibakie. Nitaifwata," akasema, akiligusa godoro. Princesse aliniaga kwa mikono miwili, macho chini. Nilimshukuru Mungu kwamba hakunitazama, na nikajichukia kwa shukrani hiyo.

1 Julai

Chumba kimerudi kuwa cha kushonea. Godoro limekunjwa pembeni. Nimelifunika kwa shuka.

6 Julai

Baba Kabwe. Sikumtazamia. Viazi tena, na kuku mmoja mwekundu amefungwa miguu. Kofia gotini, kikombe cha maji.

"Mama, kuko habari?"

"Hapana, Baba. Bado hawajatangaza."

"Ah."

Akakaa. Mimi nikaendesha cherehani bila uzi, makusudi, kelele iwepo. Alipoondoka nilimkumbusha godoro. Alilitazama. "Itabakia kwanza," akasema. Akapanda baiskeli akaenda, na ni mwendo mrefu mpaka Kinsevere kwa mtu aliyekuja kuuliza neno moja.

7 Julai

Kuku sijamchinja. Anatembea uani ananiangalia.

11 Julai

Baridi kali. Pierre anasema nimepungua sauti kwenye simu. Nimemwambia ni mafua.

12 Julai

Nimepiga hesabu zangu za kipumbavu: culture générale alifanya vizuri, lugha vizuri, biolojia na kemia za siku ya mwisho vizuri. Zikichanganywa pengine atapata hamsini. Hamsini inatosha. Akipita, nani atauliza? Nimeomba rozari kwa ajili ya jambo hilo, yaani nimemwomba Mama Maria anifichie.

17 Julai

Amerudi. Mara hii hakuleta kitu, ila maboga mawili, ambayo kwake si kitu.

"Mama, kuko habari?"

"Bado, Baba. Inasemekana wiki ijayo."

"Ah."

Falonne alikuwa mlangoni. Alisubiri baba wa watu anywe maji yake yote, alipotoka akaniambia: "Mama, hakuuliza juu ya résultat."

"Aliuliza juu ya nini basi?"

"Sijue. Lakini kuko radio kule kwabo. Kila mutu anajua haiyatoka."

Nimemfokea. Nimesema asinifundishe kusikia. Halafu nimefumua sare nzima isiyo na kosa.

25 Julai

Yametoka.

Falonne alituma namba yake ya mtihani kwa simu, jibu likaja kabla sijavuta pumzi: amefaulu, 64. Nikapiga kigelegele, majirani wakapiga, kisha Joëlle akapiga simu, 55, kisha Chancelvie, 58, akilia na kucheka. Mtaa mzima ulikuwa na poda, vijana weupe wanakimbia barabarani, honi, masufuria. Nilipanda kiti nikashusha kopo.

Falonne alikuwa ameketi, simu mkononi. Alikuwa na namba ya Princesse pia. Alikuwa amekwisha kuituma.

"Ameshindwa," akasema. "Mama, usinimwangie poudre."

"Mtoto, leo ni siku yako..."

"Usinimwangie."

Nikarudisha kopo juu ya kabati, halijafunguliwa. Tumekaa ndani, mapazia yamefungwa, katikati ya sherehe ya watu, kama waliofiwa. David alikuja kupongeza. Alipoambiwa ya Princesse alisema: "Haiwezekani. Nilihesabu miye mwenyewe." Nilikwenda jikoni. Hakuna kilichoungua jikoni, nilikwenda tu.

26 Julai

Atakuja.

27 Julai

Hakuja. Nimefagia ua mara nne.

28 Julai

Amekuja baada ya misa. Nilimwona tangu kwenye kona, anaisukuma baiskeli, na begani ana kamba mpya ya katani iliyoviringwa. Moyo ulinishuka na papo hapo nikafurahi, namwambia Mungu ukweli: nilifurahi. Nilidhani atafunga godoro, ataondoka, na itakuwa imekwisha.

Akakaa. Kofia gotini, kamba juu ya kofia. Nikampa maji.

"Mama, kuko habari?"

Habari gani? Matokeo aliyajua, kila mtu aliyajua. Ndipo nikaelewa kwamba Falonne alisikia kitu ambacho mimi nilikuwa nikikizuia kwa kelele ya cherehani. Nilisimama. Nilitaka kwenda kufanya jambo lolote, kufagia, kumfukuza kuku. Miguu ilikuwa tayari. Nikaishika meza.

"Iko, Baba," nikasema.

Nikamwambia. Simu, Jean-Claude, karatasi, bomba, marufuku niliyompa Falonne asimwonyeshe mtu, maana hilo nalo ilibidi alijue, kwamba sikutaka hata kumsaidia binti yake. Nikamwambia kwamba Princesse alikuwa na jibu la kweli akalifuta kwa sababu yangu. Nikamwambia kwamba nilijua tangu siku ile ile, na mara mbili alipokaa pale nilimdanganya usoni. Nilisema nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nikakaa.

Alikunywa maji.

"Princesse alinielezaka byote," akasema. "Siku tulitokaka apa. Mu njia, ku velo. Alikuwa analia nyuma yangu."

"Tangu Juni?"

"Tangu Juni."

"Baba! Na unakuja apa, unaniletea kuku, unaniletea viazi, na unajua?"

"Nilikuwa nangoya, Mama." Aliigeuza kofia. "Mutoto aliandika na mukono yake. Ile ni yake, nilimugombeza. Sasa weye, nani angekugombeza? Nikasema, nitaenda kuuliza. Akisema yeye mwenyewe, mutoto atarudia kwa Mama Falonne, atasoma tena mwaka moja, sababu atakuwa na mutu wa kweli. Asiposema, nitabeba matela. Mara ya kwanza hukusema. Mara ya pili hukusema. Leo nilileta kamba."

Nililia. Si kwa sauti, lakini nililia mbele ya mwanamume niliyemcheka miezi mitatu kwa kukaa kwake. Nikamwomba radhi. Nikasema Princesse atakula kwangu, atalala kwangu, simu yangu mimi mwenyewe itafungiwa kabatini.

"Unanisamehe, Baba?"

Alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa bei.

"Kusamehe bado, Mama. Iko mu njia."

Akaichukua ile kamba akaiviringa upya, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, bila haraka, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli. Kisha akarudi, akakaa, akaomba kikombe cha pili. Nikakaa naye. Sikusimama mpaka alipomaliza.

Princesse atakuja Septemba. Falonne ameniambia kopo la poda lisiguswe mpaka mwakani, litafunguliwa kwa vichwa viwili, chake na cha Princesse, na si mimi nitakayemimina, ni Baba Kabwe.

Jua lilikuwa zuri. Nimelitoa godoro uani nilianike. Lilikuwa limekunjwa mwezi mzima na likakataa kunyooka, nikishusha upande huu ule unapanda. Nikalilalia mwenyewe ili linyooke. Falonne ameniamsha saa kumi na moja jioni, kuku amelala miguuni pangu.